Tope la majitaka liende wapi? Dampo, shamba, jiko au tangi la gesi

Karo likijaa, mwenye nyumba anapiga simu, gari la majitaka linakuja, linanyonya, analipa, na kwake habari imekwisha. Kwa mji ndiyo kwanza inaanza. Lita zile elfu kadhaa lazima zimwagwe mahali, na maji yakishachujika kinachobaki ni tope. Kwenye mabwawa ya kutibu majitaka ni vivyo hivyo: maji yanaendelea na safari, tope linatuama chini, na bwawa lisipochotwa kwa miaka mingi linajaa tope hadi maji yanapita juu juu bila kusafika.

Makala haya ni kwa diwani, mhandisi wa mamlaka ya maji, mjumbe wa kamati ya mtaa, au yeyote aliyewekewa mezani mapendekezo matatu yenye picha nzuri na kuulizwa achague lipi. Kila pendekezo lina mji ambako limefanya kazi. Swali ni kama mji huo unafanana na wako.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua mengi. Topekinyesi linalotoka kwenye makaro kwa kawaida ni maji kwa asilimia 97 au 98. Gari la lita 10,000 likimwaga, kitu kikavu kilichomo ni kama kilo 200 tu. Ukilichuja na kulikausha hadi libaki na maji asilimia 80, unapata tani moja ya kitu kinachoshikika kwa sepetu. Ukilikausha kabisa hadi liwe jepesi mkononi, una magunia machache. Kwa hiyo mtu akikwambia kiwanda chake kitakula tani kumi za tope kavu kwa siku, anakuambia anahitaji magari hamsini kila siku. Muulize magari hayo yako wapi.

Vigezo

Kabla ya yote, tope lako lina umri gani? Lile lililokaa kwenye shimo la choo miaka mitano limekwisha kuoza lenyewe; gesi imetoka na chakula cha vijidudu kimepungua. La choo cha soko au cha stendi, kinachonyonywa kila wiki, bado bichi. Haya mawili hayafai kazi moja, ingawa yote yanafika kwa gari lile lile.

Baada ya hapo, kila njia nimeipima kwa mambo manne. Kwanza, nafasi na gharama ya kuendesha. Gharama ya kujenga mara nyingi hulipwa na mfadhili, ila dizeli, umeme na mishahara ni juu ya mji. Pili, afya: mayai ya minyoo, hasa ya minyoo mviringo, ndiyo sugu kuliko vyote na huweza kuishi kwenye tope miezi mingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2006, linataka lisizidi yai moja hai kwa gramu ya tope kavu kabla halijaingia shambani. Tatu, mpokeaji: nani atalichukua, kwa bei gani, mwaka mzima? Nne, siku mbaya: masika ikikaza, umeme ukikatika au mnunuzi akigoma, tope linaenda wapi?

Kigezo kimoja hakimo kwenye orodha kwa sababu kinahusu njia zote: umbali. Kituo cha kumwagia kikiwa kilomita thelathini nje ya mji, dereva anapiga hesabu ya mafuta, na usiku mtaro au mto unakuwa karibu zaidi. Na mwenye choo asiyeweza kulipa bei ya gari anasubiri mvua kubwa, anakitapisha choo kimwagike na maji ya mvua. Mtambo wa kisasa usiofikika hausafishi chochote.

Bahari na mto sivihesabu kama chaguo. New York iliacha kupeleka tope lake baharini mwaka 1992, na Uingereza ilifunga njia hiyo mwishoni mwa 1998. Hao walikuwa na meli za kulipeleka mbali. Sisi tungelimwaga pale pale wanapoogelea watoto.

Kwanza vitanda vya kukaushia

Kabla ya kulinganisha, kuna hatua ambayo njia karibu zote zinaipitia. Gari linarudi nyuma hadi kwenye chemba ya kupokelea, dereva anafungua vali, na tope linapita kwenye chujio la nondo. Pale ndipo unapojua mji unavyotumia vyoo vyake: pedi, nepi, matambara, chupa, mifuko, wakati mwingine ndala. Kijana mwenye reki na glavu ndefu anayavuta pembeni. Kisha tope linamwagwa kwenye kitanda cha zege chenye kokoto chini na mchanga juu, kina cha sentimita 20 hadi 30. Maji yanachuja kwenda kwenye bwawa, mengine yanapanda na jua. Kiangazi, baada ya wiki mbili hivi, sura yake inapasuka nyufa na vipande vinang'oka vyenyewe. Masika unaweza kusubiri mara mbili ya hapo, labda uwe na paa linalopitisha mwanga.

Kila anapokwangua, mfanyakazi huondoka na mchanga kidogo. Jambo dogo, lakini mchanga huo utatukuta tena kwenye mkaa.

Nafasi inakadirika hivi: mita moja ya mraba ya kitanda hubeba kilo 100 hadi 200 za kitu kikavu kwa mwaka. Mji unaopokea magari kumi ya lita 10,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, una tani 600 za kitu kikavu, hivyo unahitaji mita za mraba 3,000 hadi 6,000 za vitanda peke yake. Hiyo inakaribia uwanja wa mpira. Kama ardhi hiyo haipo, baadhi ya mapendekezo yamejiondoa yenyewe.

Njia ya 1: Kukausha na kuzika

*Nafasi na gharama.* Inataka ardhi, ila haitaki ufundi mwingi. Tope kavu linapelekwa kwenye dampo lenye usimamizi, au linafukiwa kwenye mahandaki na kupandwa miti. Durban walilijaribu hili la mahandaki huko Umlazi: topekinyesi la vyoo vya shimo lilifukiwa na mikaratusi ikapandwa juu yake.

*Afya.* Likifukiwa vizuri, hakuna anayeligusa, na minyoo hufa humo humo kwa muda. Hatari ni maji ya chini. Pwani, ambako visima vifupi vinapata maji mita chache tu chini, handaki la tope ni jirani mbaya. Na likitupwa juu juu kwenye dampo, waokota chuma na chupa ndio watakaolikanyaga.

*Mpokeaji.* Hakuna anayenunua, na hilo lina raha yake: hakuna soko la kuporomoka.

*Siku mbaya.* Ndiyo njia inayovumilia kuliko zote. Mashine ya kuharibika haipo.

*Inamfaa nani.* Mji mdogo au wa kati wenye ardhi yake, maji ya chini yaliyo mbali, na idara yenye watu wachache. Wengi huiona njia ya kizamani. Mimi naiona njia ya heshima, mradi ramani ya mahandaki itunzwe ili baada ya miaka ishirini mtu asiuziwe kiwanja juu yake.

Njia ya 2: Shambani, kama mbolea au mboji

*Nafasi na gharama.* Kitanda hakitoshi hapa. Tope kavu linachanganywa na taka za sokoni, majani au maranda, linarundikwa na kugeuzwa. Lundo likifanya kazi, ndani joto linapita nyuzi 50, na linapaswa kukaa hivyo zaidi ya wiki moja, kila sehemu ikipata zamu yake katikati. Kwa hiyo unahitaji kipimajoto kirefu, watu wa kugeuza na paa la masika. Kama huna hayo, kuna njia ya subira: kwenye nchi zetu za joto, kulihifadhi likiwa kavu zaidi ya mwaka mmoja kunapunguza minyoo sana. Subira ni rahisi, ila inakula nafasi, kwa sababu tope la mwaka huu linafika kabla la mwaka jana halijaondoka.

*Afya.* Minyoo inamalizwa na joto au muda. Metali nzito hazimalizwi na chochote, na ndiyo maana chanzo cha tope kina uzito kuliko teknolojia. Tope la makaro ya nyumba za kawaida ni afadhali. Tope la mtandao unaopokea maji ya viwanda vya ngozi, rangi na betri ni kitu kingine kabisa. Uswisi ilipiga marufuku tope la majitaka mashambani tangu 2006. Jimbo la Maine, Marekani, lilifuata mwaka 2022 baada ya kukuta kemikali zisizooza za PFAS kwenye mashamba yaliyokuwa yakimwagiwa tope kwa miaka. Upande wa pili, Milwaukee imekuwa ikikausha tope lake kwa joto na kuliuza kwenye mifuko kama mbolea ya nyasi tangu 1926. Nchi tajiri zenyewe hazijakubaliana, basi asikuambie mtu kwamba sayansi imefunga mjadala.

*Mpokeaji.* Hapa ndipo miradi mingi hukutana na ukweli. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Mboji yenye naitrojeni asilimia 2 inabidi ifike zaidi ya tani moja ili kulingana nayo. Mkulima aliye kilomita sitini atalipa nauli ya tani moja badala ya mfuko anaoubeba kwenye bodaboda? Aliye kilomita tano, mwenye udongo uliochoka, huenda akalipa, maana mboji inashika maji na kurudishia udongo uhai, jambo ambalo Urea haifanyi. Kampala, kituo cha Lubigi kilichoanza kazi mwaka 2014 kinakausha topekinyesi la magari kwenye vitanda, na tope kavu linauzwa kwa wakulima. Linatoka kwa sababu wakulima wapo na wanalifuata.

Kuhusu aibu ya kinyesi, nadhani tunaikuza. Mkulima anayetumia samadi hashtuki sana. Anayeshtuka ni mnunuzi wa mchicha, na kwake jibu si tangazo la redioni. Ipeleke mboji kwenye miti, migomba, mahindi na vitalu vya maua, na mboga zinazoliwa mbichi ziache kabisa.

*Siku mbaya.* Mahitaji yana msimu. Wakulima wanaitaka kabla ya mvua, nawe unazalisha mwaka mzima. Bila ghala, lundo la miezi sita litanyeshewa na kurudi kuwa tope.

*Inamfaa nani.* Mji wa kati uliozungukwa na mashamba, wenye viwanda vichache, na maabara inayofikika kwa vipimo vya mara kwa mara.

Njia ya 3: Mkaa mbadala na nishati ya viwandani

*Nafasi na gharama.* Tope linakaushwa sana, linachomwa kwenye mapipa au tanuru lenye hewa kidogo hadi liwe mkaa, linasagwa, linachanganywa na mkaa wa maranda, linashikishwa kwa molasi na kuviringishwa vibonge. Nakuru ndiyo mfano wa karibu: NAWASSCOAL, kampuni tanzu ya kampuni ya maji ya NAWASSCO, hutengeneza vibonge vya mviringo vinavyouzwa kwa jina la Makaadotcom. Kazi nzito ni ukaushaji. Ukikausha kwa jua, gharama yako ni nafasi na muda. Ukikausha kwa kuni au dizeli, fanya hesabu upya, kwa sababu unaweza kuwa unachoma nishati nyingi kupata kidogo.

*Afya.* Hapa njia hii inaongoza. Joto la tanuru halibakizi yai la minyoo, wala harufu ya kinyesi haibaki kwenye kibonge. Mwenye hatari ni mfanyakazi wa kabla ya tanuru, na wa tanuru lenyewe kwa moshi.

*Mpokeaji.* Mama wa nyumbani anataka mkaa unaowaka haraka, usio na moshi, usiojaza majivu. Ule mchanga tuliouacha kwenye kitanda cha kukaushia unarudi hapa kama majivu, na kibonge chenye majivu mengi kinawaka kivivu. Tope lililokaa shimoni muda mrefu lina mchanga wa shimo lenyewe juu ya huo. Ndiyo sababu maranda ni ya lazima, nayo yana wanunuzi wengine, wakiwemo wafugaji wa kuku. Kwa wauza chipsi, shule na wachoma nyama, moto wa polepole unaodumu ni sifa. Lakini sokoni una washindani: Tanzania, mathalani, STAMICO, shirika la madini la taifa, inauza Rafiki Briquettes za makaa ya mawe kwa taasisi hizo hizo. Kuna mnunuzi mwingine asiyejali sura ya kibonge: kiwanda cha saruji au tanuru la matofali, linaloweza kuchoma tope kavu kama lilivyo. Akiwepo karibu, ruka hatua zote za molasi na kuviringisha.

*Siku mbaya.* Masika inasimamisha ukaushaji, na wateja wa mkaa hawangoji. Wakirudi kwenye mkaa wa miti kwa miezi miwili, kuwarudisha ni kazi. Tope nalo linaendelea kuja.

*Inamfaa nani.* Mji ambao bei ya mkaa iko juu, maranda yanapatikana, na kuna mtu mwenye moyo wa biashara wa kuliendesha. Idara ya serikali yenye utaratibu wa kuomba kibali kila ikitaka molasi itashindwa mapema.

Njia ya 4: Tangi la biogesi

*Nafasi na gharama.* Haitaki ukaushaji mwanzoni, wala haitaki eneo kubwa, na hilo linaipendekeza kwa jiji lililobanwa. Inataka tangi lisilovuja, mabomba, jenereta ya gesi, na fundi anayejua kwa nini gesi imepungua leo. Kampala, mtambo wa Bugolobi una matangi ya mmeng'enyo, yaani ya kuozeshea tope bila hewa, na gesi yake inazalisha umeme unaosaidia kuendesha mtambo wenyewe. Angalia umri wa tope: Bugolobi inapokea majitaka ya mabomba, hivyo tope lake ni bichi. Tope la shimo la miaka mitano kwenye tangi la namna hiyo litatoa gesi ya kukatisha tamaa.

*Afya.* Tangi la kawaida halifiki joto la kuua mayai ya minyoo. Kinachotoka bado ni hatari.

*Mpokeaji.* Gesi hutumika pale pale, na hiyo ni raha. Lakini biogesi hailimalizi tope: sehemu kubwa inatoka upande wa pili ikiwa majimaji, na lazima ichague tena njia ya 1, 2 au 3. Pendekezo la biogesi lisilosema tope lililobaki linaenda wapi ni nusu ya pendekezo.

*Siku mbaya.* Vijidudu vya tangi havipendi mshtuko. Gari moja la mafuta machafu ya gereji au kemikali linaweza kulilaza kwa wiki kadhaa.

*Inamfaa nani.* Jiji lenye mtambo mkubwa wa majitaka na bili nene ya umeme. Kwa kiasi kidogo, vyoo vya shule ya bweni, gereza au soko, vyenye kinyesi kibichi na jiko karibu.

Njia ya 5: Kuchoma hadi majivu

Zürich, Uswisi, inachoma tope la kantoni (mkoa) nzima kwenye mtambo wa Werdhölzli, na Ujerumani inaitaka mitambo mikubwa ya majitaka ianze kurejesha fosforasi kutoka kwenye tope ifikapo 2029. Kwetu nitalipita haraka. *Nafasi* ni ndogo, *gharama* ni kubwa. Kilo moja ya kitu kikavu ikiungua inatoa megajuli 10 hadi 17, lakini likiingia na maji asilimia 80, kilo hiyo inabeba kilo nne za maji, na kuyachemsha yote kunakula zaidi ya megajuli 10. Sehemu kubwa ya joto inaishia kwenye mvuke. *Afya* ni salama kama moshi unachujwa, na kichujio ndicho chenye bei. *Mpokeaji* ni dampo la majivu. *Siku mbaya* ni vipuri kutoka ng'ambo. *Inamfaa* jiji kubwa mno, lisilo na ardhi, lenye tope la viwanda ambalo shamba haliwezi kulipokea.

Mabuu ya nzi askari mweusi sikuyapa sehemu yake. Nairobi, kampuni ya Sanergy waliyatumia kugeuza kinyesi kuwa chakula cha mifugo na mbolea, lakini kinyesi chao kilitoka kwenye vyoo vya makontena vinavyobadilishwa mara kwa mara. Kama mji wako unategemea makaro na mashimo ya zamani, mabuu hayatashiba.

Kwa hali yako

Una ardhi, bajeti ndogo, na magari yasiyozidi matano kwa siku: vitanda na mahandaki yenye miti. Acha eneo la ziada pembeni kwa ajili ya mboji siku wakulima watakapoanza kuulizia.

Mashamba yapo ndani ya kilomita kumi na hakuna viwanda vichafu: mboji, pamoja na ghala la miezi sita. Waambie wakulima kilichomo tangu siku ya kwanza. Wakijua baadaye kwa umbea hawatarudi.

Mkaa ni ghali na kuna karakana nyingi za mbao: vibonge, mkiviendesha kama kampuni. Kiwanda cha saruji kipo jirani: kausha, pima, mpelekee.

Mnajenga mtambo mkubwa wa mabomba: tangi la gesi lizungumzwe kwenye michoro ya mwanzo, pamoja na vitanda vya kulipokea tope linalotoka.

Mko pwani au kisiwani, visima vifupi kila nyumba: kuzika ondoeni kwenye orodha. Kausheni juu ya zege, na tope lisafirishwe au lichomwe liwe mkaa.

Tope lenu linatoka kila mahali, bichi na la zamani, la nyumba na la gereji: msichague chochote bado. Tengeni chemba mbili za kupokelea, moja ya vyoo vya umma, nyingine ya makaro, na gari la gereji lipigwe marufuku.

Na kabla mkataba wowote haujasainiwa, chukueni sampuli kutoka kwenye magari kwa miezi kadhaa, masika ikiwemo. Maabara itoe majibu manne: kitu kikavu ni asilimia ngapi, majivu ni kiasi gani, mayai hai ya minyoo ni mangapi kwa gramu, na metali nzito (risasi, kadimiamu na kromiamu) zimefika wapi. Mpeni mwenye pendekezo karatasi hiyo, kisha mwombeni arudie hesabu zake mbele yenu.